Mtu wa Omoni

"Ukilala nje ya nyumba yako hata usiku mmoja, eda imeharibika," alisema Lalla Ijja, na huku bega lake limegandamana na ubavu wa mashua, anasukuma kuliko wenzake wote.

"Silali nje," alijibu Tuda. "Jua likizama niko kwangu."

"Na bahari umeiambia?"

Wanawake wanne waliokuwa wakisukuma pamoja naye wakaangua kicheko, na mashua ikagoma palepale mchangani. Walikuwa wachuma kome wa Tamrart, nyayo zao zimechanwa na miamba, na mikono yao ina nguvu za kuwatia haya waume zao. Waume wenyewe walikuwa wamekaa mbele ya vibanda vya nyavu, glasi za chai mikononi, wakitazama. Siku nyingine mashua ikishushwa majini, kila mwanamume aliye karibu huinuka bila kuombwa. Ndiyo ada ya pale, na asiyeinuka husemwa mwaka mzima. Leo hakuinuka hata mmoja. Mjane mwenye nguo nyeupe akigusa mashua, walisema, samaki huhama. Na huyu hakuwa anagusa tu, alikuwa anataka kuondoka nayo.

"Sukumeni," alisema Tuda. "Mtacheka nikishaondoka."

"Ewe Tuda," mmoja alipaza sauti kutoka vibandani, "ukifika visiwa vya Kanari utusalimie Wahispania."

Lalla Ijja hakugeuza hata kichwa. "Si ulikwenda mwenyewe? Ukarudishwa na askari, suruali ya kuazima. Kunywa chai yako."

Hapo hata wale wanaume walicheka, na mashua ikaanza kuteleza.

Tuda alikuwa amevaa nyeupe ya eda kutoka kitambaa cha kichwa hadi soksi. Ilikuwa siku ya sabini na moja tangu Bihi, mumewe, ainame kufunga kiatu asubuhi asiinuke tena. Zilibaki siku karibu sitini za kukaa ndani, bila hina, bila wanja, bila manukato, akipokea wageni wanaokuja kumwambia avumilie. Alikuwa amevumilia mpaka akachoka na neno lenyewe. Alikwenda kwa fakihi wa msikiti kuuliza, na fakihi akamjibu kwamba mchana kwa haja ana ruhusa kutoka, usiku sharti awe kwake. Juu ya bahari hakusema kitu, maana hakuulizwa.

Haja yenyewe ilikuwa hivi. Kila baada ya miaka mitano mashua za pwani ile hukaguliwa katika bandari ya Ifrin, maili kumi na nane kusini. Mashua sharti ije kwa maji, isiletwe kwa gari wala isivutwe na nyingine, na iletwe na nahodha mwenye kijitabu cha unahodha, ambaye jina lake litaandikwa kwa miaka mitano inayofuata. Isiyofika kabla ya saa nane mchana, Alhamisi iliyotajwa, namba yake hufutwa. Namba mpya hazitolewi. Mashua bila namba ni kuni.

Mashua ilikuwa ya Tuda, haina ubishi. Ilichongwa kwa bangili zake za arusi, na Tamrart nzima inajua. Mashine ndiyo iliyokuwa ya Bihi, na kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, mashine ilimwendea kaka wa marehemu, Belaid. Mirathi ni mirathi. Belaid alikuja siku ya nne akaibeba kwa pikapu yake, akaifunika turubai vizuri, na kabla hajaondoka akasimama mlangoni.

"Shemeji, mashua bila mashine haiendi, na mashine bila mashua ni chuma tu. Niandike mimi nahodha. Wewe kaa, pumzika. Fungu lako litakuja mlangoni."

Tuda aliyajua mafungu ya mlangoni. Mwezi wa kwanza huja kapu, wa pili huja sahani, wa tatu huja salamu. Alimjibu kwamba atafikiri, na tangu siku hiyo hakufikiri kitu kingine.

Kijitabu alikuwa nacho. Miaka miwili nyuma chama cha wavuvi kilifundisha wanawake, na yeye alifaulu, akazungusha mashua ndani ya bandari huku mwalimu amekaa ubavuni. Bihi alikipokea kile kijitabu kwa mikono miwili, akakisoma, akakiweka ndani ya kopo la sukari kisipate unyevu, na kuanzia hapo akawa anamwita nahodha wa sukari. Hakuwa mtu mbaya, Bihi. Alimpenda mkewe na mkewe alimpenda, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Kwa kukosa mtoto wa kiume walivua wenyewe wawili miaka kumi na mmoja, yeye nyuma, tezini, ameshika usukani, na Tuda mbele kabisa, omoni, akivuta nyavu na kuisukuma mashua mbali na miamba kwa kasia refu. Akiomba kushika usukani kidogo, Bihi alikuwa akisema, "Usukani una mkono mmoja," basi, maneno yamekwisha.

Mashine ilipoondoka, Tuda alipanda juu ya zizi la mbuzi akateremsha tanga la baba mkwe, lililokuwa limelala pale tangu watu waanze kununua mashine. Lilikuwa limeliwa na panya. Alilishona ndani ya eda, mchana kutwa, kwa viraka vya magunia ya unga, na waliokuja kumpa pole walimkuta ameketi katikati ya tanga, sindano mkononi, hasikii wanachosema.

Sasa maji yalikuwa yamewafika wanawake kifuani. Mmoja mmoja waliachia. Lalla Ijja, ambaye hajui kuogelea, alikuwa wa mwisho.

"Usipofika," alisema, "nitakuwa nimekusaidia kufa."

"Nitafika."

"Fika basi."

Akaachia.

Tuda alipiga makasia mpaka akavuka mawimbi yanayovunjika ufukweni, kisha akalipandisha tanga. Kulikuwa na ukungu, na upepo wa kaskazini ulikuwa bado dhaifu. Alikwenda tezini akakaa, akashika usukani, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui kukaa tezini. Miaka yote mbele yake kulikuwa na bahari tu. Huku nyuma kulikuwa na mashua nzima ya kutazama, na tanga, na kamba, na kila kimoja kilidai jicho lake. Alihamia kulia, akahamia kushoto. Aliushika usukani kwa nguvu mno, na mashua ikawa inakwenda nyokanyoka. Mwalimu aliwahi kusema usukani hushikwa kama yai la kuku. Tuda alilegeza vidole, mashua ikanyooka, akafurahi, akavikaza tena kwa furaha, ikapinda.

Alitakiwa Ifrin kabla ya saa nane mchana na hakuwa na njia ya kujua anakwenda upesi kiasi gani. Kila akitazama pwani upande wa kushoto aliona mwamba uleule. Akala kipande cha mkate wa shayiri, hakusikia ladha. Akakagua fundo la demani, ile kamba inayoshika pembe ya tanga, akalikagua tena, akalifungua na kulifunga upya ingawa halikuwa na kosa. Moyo haukutulia mahali pamoja. Akiwaza mkaguzi, aliwaza na Belaid. Akiwaza Belaid, aliona jiko la nyumba ya Belaid, na yeye ndani yake, akiosha sufuria za mke wa mtu mwingine mpaka kufa.

Kama saa tatu na nusu ukungu ulipanda na upepo ukashika. Mawimbi makubwa ya bahari kuu yakaanza kuja kutoka nyuma, yanainua tezi, yanapita chini, yanaitua mashua mbele. La kwanza nusura limtoe roho. La pili alililaani. La tatu alilisikia kabla halijafika, kwenye kiganja cha mkono, akalegeza kidogo, na mashua ikateremka na wimbi moja kwa moja, maji yakapiga kelele pande zote mbili. Tuda akacheka kwa sauti. Akakumbuka nguo alizovaa, akaona haya. Mjane wa siku sabini na moja, anacheka baharini peke yake kama mwehu. Likaja wimbi la nne, na akacheka tena.

Barabara ya pwani ile hupita juu ya majabali, na ukungu ulipoondoka aliiona pikapu ya kijani. Ilikuwa imesimama kwenye kona, na kando yake mtu mnene ameshika kiuno. Hakuhitaji kuona uso. Belaid alipiga honi mara mbili, akaingia ndani ya gari, na kwenye kona iliyofuata alikuwa amekwisha kusimama tena. Alikuwa akimfuata kwa nchi kavu, na mashine yake nyuma chini ya turubai. Tuda hakujua kama anamchunga au anangojea azame, na huenda Belaid mwenyewe hakujua.

Karibu na saa tano ikatokea kuba ya Sidi Idir, kaburi la walii wa pwani ile.

Imejengwa juu ya ncha ya jabali linaloingia baharini, nyeupe, ndogo, na chini yake kuna miamba mibaya. Mgeni angepita mbali, na angefanya la akili. Lakini mtu wa Tamrart hapiti mbali na Sidi Idir. Huingia karibu mpaka aone mlango wa kuba, husimamisha mashua, nahodha husoma Fatiha, mkate hutupwa majini, ndipo safari iendelee. Waliopita bila kusimama wanatajwa kwa majina, na mashua zao pia zinatajwa, na miezi waliyopotea. Bihi alikuwa akizima mashine na kusoma polepole, hakuruka hata herufi. Tuda hakujiuliza asimame au asisimame. Swali hilo halikumjia, sawa na mtu asivyojiuliza kama atajibu salamu.

Akaingia karibu. Akaona mlango wa kuba, rangi ya samawati. Akaachia kamba, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikashuka na tanga likaanguka chini kwa kishindo, mashua ikapunguza mwendo. Akatoa mkate ndani ya kitambaa. Kisha, bila kuwaza lolote, akafanya alilolifanya mahali pale kwa miaka kumi na mmoja: akaondoka tezini, akaruka mbao za kukalia, akaenda omoni, akachukua kasia refu na kuliegemeza kwenye maji kuikinga mashua na miamba.

"Nimeshika, Bihi," alisema. "Soma."

Akangoja kusikia Fatiha nyuma yake.

Alingoja kweli. Alisimama pale na kasia mkononi, macho kwenye mwamba, masikio nyuma, muda wa mtu kuvuta pumzi mbili au tatu. Hakikuja kitu. Usukani ulikuwa ukigonga huku na huku, hauna mtu. Ndipo akageuka akaiona mashua yake, tupu kutoka omo hadi tezi, imekwisha kulala ubavu kwa mawimbi.

Wimbi liliingia. Halikuwa kubwa sana, lakini lilijaza mashua hadi magotini, mkate ukaelea, na lile kasia refu lilimponyoka na kusukumwa kwenda miambani, likapigwa pale mara moja likawa vipande viwili. Aliona hivyo. Aliona na umbali uliobaki, ungeweza kurusha jiwe likafika. Akaruka kurudi nyuma, akajikwaa, goti likapasuka, akaushika usukani na kuuvuta kwa nguvu zote, na mashua haikufanya kitu, kwa sababu mashua isiyokwenda haisikii usukani. Ilihitaji tanga. Tanga lilihitaji mikono miwili, na usukani ulihitaji wa tatu.

Alivua kitambaa cha kichwa, kile cheupe cha eda, akaufunga nacho usukani mahali alipotaka ukae. Akaenda kwenye kamba ya kupandishia, nywele wazi mbele ya Sidi Idir na mbele ya shemeji yake ikiwa alikuwa anatazama, akatia mguu kwenye ubao na kuvuta. Tanga lilikuwa limelowa, zito kama ng'ombe. Foromali ilipanda robo, ikapanda theluthi, ikakwama. Theluthi ilitosha. Kile kipande cha tanga kilipiga kofi, kikajaa, na mashua, imebeba maji yake yote, ikaanza kutambaa. Ilipita kando ya mwamba wa mwisho karibu kiasi kwamba alisikia kome wakipumua, zile sauti ndogo ndogo wanazotoa maji yakiwaacha. Halafu hakusikia kitu, na jabali lilikuwa nyuma.

Akakaa chini kwenye maji, akachota na kumwaga kwa dumu lililokatwa, akachota na kumwaga, na akalia. Alilia kwa hasira. Siku sabini na moja alikuwa akilia kwa adabu, kitambaa puani, wageni wakimshika bega. Hii ilikuwa nyingine.

"Ulikuwa unasoma tu," alimwambia Bihi. "Ulikuwa unasoma, na nani alikuwa ameishika mashua?"

Maana sasa alikuwa ameliona, na hakuweza kulifumbia macho. Zile dakika za Sidi Idir, Bihi amefumba macho yake, mikono imeinuliwa, usukani umeachwa. Miaka kumi na mmoja alizifikiria kuwa ni dakika za Bihi. Kumbe mtu mmoja hawezi kumsalimia Sidi Idir. Haiwezekani, hata awe hodari namna gani. Na hakuna aliyewahi kumwambia, wala Bihi hakuwahi kujua kwamba kuna la kuambiana. Alimkasirikia, na papo hapo akamtamani awe pale tezini na kofia yake ya sufu, ili amkasirikie vizuri.

Alipomaliza kutoa maji, alifungua kitambaa kwenye usukani, akakikamua, akajifunga kichwani. Kilikuwa na alama ya mafuta ya usukani, ya kijivu, na hakikutoka.

Bandari ya Ifrin aliiona saa saba kasoro, na aliingia katikati ya kuta zake mbili saa saba na nusu, tanga limepanda theluthi ileile. Mashua za mashine zilikuwa zimepangwa gatini, zimekwisha kukaguliwa, namba zimepakwa rangi mpya. Wanaume walikuwa wamejaa ukutani wakila sardini za kuchoma. Mmoja aliinua uso, akaacha kutafuna, na wa pembeni yake naye akaacha, hivyo hivyo ukutani kutoka mwisho hadi mwisho.

"Hiyo ni nini?" aliuliza mtu.

"Ni ya Bihi wa Tamrart."

"Bihi si amekufa?"

"Amekufa. Huyo ni mkewe."

"Na eda yake?"

"Ameivaa, huoni?"

Mkaguzi, Bwana Tahiri, au Si Tahiri kama wasemavyo pale, alikuwa mfupi na mwenye nyundo ndogo. Alishuka ngazi za gati akaigonga mashua ubavuni, akatega sikio, akasogea, akagonga tena, kama daktari. Hakumwambia Tuda pole wala hongera. Alipofika kwenye tezi akashika kijitabu alichopewa, akakinusa.

"Kinanuka sukari."

"Ndimo kilimokaa, Si Tahiri."

"Mbao nzima. Umetoka Tamrart na tanga hili?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Alimtazama goti lililopasuka, kisha akatazama maji yaliyobaki chini ya mbao. "Haya. Limebaki la mwisho. Utoke nayo mpaka kwenye mlango wa bandari, ugeuze, urudi hapa. Nione nahodha anaiongoza. Na awepo mtu wa pili. Mashua haiandikwi na mtu mmoja. Sheria sikuitunga mimi."

"Mtu wa pili sina."

"Mtafute. Bandari imejaa watu."

Tuda alitazama juu. Bandari ilikuwa imejaa watu kweli. Aliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja walikumbuka sardini zao. Kuna aliyejikuna, kuna aliyefunga kamba ya kiatu. Mzee mmoja alisema kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, "Usituchukie, binti yangu. Tuna watoto," na hapo Tuda akajua kwamba hakuna atakayeshuka.

Si Tahiri akatazama saa. "Zimebaki dakika kumi na nane."

Pikapu ya kijani ilikuwa imesimama nyuma ya mzani wa samaki. Belaid alikuja ukingoni, anahema, karatasi mkononi. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa njia nzima ya makorongo.

"Shemeji, nimekuona pale kwa Sidi Idir," alisema. "Nimekuona na macho yangu. Nilishuka kwenye gari nikasoma shahada kwa ajili yako." Sauti yake ilitetemeka, na watu walisikia. Kisha akakumbuka karatasi. "Sasa yamekwisha, umewaonyesha. Tia sahihi hapa, niandikwe mimi, nifunge mashine, twende zetu nyumbani kabla ya magharibi. Utalala kwako leo, wallahi."

"Bila sahihi hushuki?"

"Bila sahihi nishuke kama nani?"

"Basi kaa."

"Namba inafutwa, Tuda."

"Ifutwe."

Hakuwa na hakika kama analitaka neno hilo au limetoka lenyewe. Lakini halikurudi. Si Tahiri alikuwa akitazama juu, akitazama chini, na kalamu imekwisha kufunuliwa. Ukutani hapakutafunwa kitu.

Belaid alisimama pale na karatasi yake. Aliitazama mashua ambayo mdogo wake aliipaka rangi kila mwaka siku tatu baada ya Idi, na yeye Belaid akimshikia kopo. Akawatazama wale wanaume waliokuwa wakimtazama yeye sasa, wala si Tuda. Namba ikifutwa mbele yao ingekuwa imefutwa na nani? Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akavua viatu.

Alishuka ngazi, mashua ikainama kwa uzito wake, na akaja moja kwa moja tezini, mkono umekwisha kunyooshwa kushika usukani, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Tuda hakuinuka.

"Nipishe," alisema Belaid kwa sauti ya chini.

"Mbele, shemeji."

"Nilikuwa nahodha kabla hujaolewa."

"Najua. Mbele."

"Nisikilizeni," alisema Si Tahiri kutoka ngazini, "mimi chakula changu kinapoa. Nahodha ni nani hapa?"

Belaid alikuwa amesimama katikati ya mashua, mkono bado hewani, na mashua inayumba chini yake kwa sababu mtu akisimama pale katikati haimpi raha yeyote. Tuda aliona jinsi Belaid anavyongoja jibu lake. Aliogopa. Aliogopa kuliko pale miambani, maana miamba haina aibu, haitakuja kwake sikukuu kama shemeji.

"Ni mimi," alisema. "Tuda binti Hammu."

Mkono wa Belaid ukashuka. Aligeuka, akaruka ubao wa kwanza, akaruka wa pili vibaya, akashika mlingoti asianguke, na akaenda kukaa omoni. Hakukuta kasia refu, akaokota fupi. Akaisukuma mashua nalo kutoka ukutani, taratibu, jinsi inavyopasa, kwa sababu kazi alikuwa anaijua.

Tuda akapandisha foromali. Safari hii ilipanda yote. Viraka vya magunia vikafunguka juu ya vichwa vyao, na ukutani mtu akasoma kwa sauti jina la kinu cha unga, hakuna aliyecheka.

Alirudi kwenye usukani. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa Belaid. Shati lilikuwa limelowa jasho katikati ya mabega, na nyuma ya sikio la kushoto palibaki povu kavu la sabuni ambalo hakulisuuza asubuhi kwa haraka ya kuondoka. Shingo ilikuwa na mikunjo miwili. Mtu mzima, mkali, mwenye gari. Na kutoka huku nyuma alionekana yote, na yeye hakuona chochote ila maji. Miaka kumi na mmoja, aliwaza Tuda, nilionekana hivi.

Mashua ilikuwa ikielea, imeachana na gati, haijaanza kwenda. Belaid hakugeuka nyuma. Alikuwa ameshika kasia juu ya maji, kichwa ameinamisha kidogo upande mmoja, anangoja kuambiwa.

"Haya?" aliuliza, akiuliza mbele.

Tuda aliishika demani, tanga likaanza kujaa, akaisikia ikikaza taratibu kiganjani.